Makopo Yanayofanana

Shangazi Mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize, maana nyumbani siwezi kulisema jambo hili bila sauti kukauka.

Nimemaliza shule na bado sijapata la kufanya, kwa hiyo mama, ambaye anafua mashuka hospitalini na hurudi jioni amechoka, aliniambia nisikae bure, nipange jiko na stoo, nami nikaona hapo ndipo nitaonekana nina faida, nikatoa mikebe yote ya bibi, mkebe wa biskuti uliokuwa na unga, kopo la maziwa lililobonyea ubavuni lenye sukari, chupa ya jemu yenye chumvi, iliyofungwa mpira shingoni, nikahamishia kila kitu kwenye makopo meupe ya plastiki yanayofanana, hata sabuni ya unga niliipa lake, nikabandika lebo kwa mwandiko wangu bora na kuyapanga kwa alfabeti. Mama alifurahi mpaka akamwita jirani. "Huyu ndiye binti yangu yule asiyesema," alimwambia, na mimi sijawahi kusifiwa mbele ya mtu.

Bibi alisema tu, "Pamependeza, mjukuu wangu." Kesho yake chai aliyoipika ikawa na chumvi.

"Bibi, hii chai au maji ya bahari?" jirani akauliza.

"Kunywa. Ni dawa ya umbea."

Tulicheka sote, lakini tangu siku hiyo bibi hapiki, anasema magoti yanamuuma, na magoti hayohayo hupanda ngazi kwenda kuanika nguo. Juzi nilimkuta stoo anafungua kopo mojamoja na kuonja kwa ncha ya kidole. Nikampa kopo asome lebo. Alilishika juu chini, akasema mwandiko ni mzuri. Ndipo nikaelewa kwamba macho yake hayaoni vizuri, naye akanishika mkono: "Usimwambie mama yako. Akijua, nitakalishwa sebuleni kama mto wa kochi."

Nikirudisha mikebe, mama atauliza sababu. Nikinyamaza, bibi ndiyo basi, hatapika tena. Nifanye nini?

Binti wa Lebo

*

Binti wa Lebo, marahaba. Kabla hujasoma mstari unaofuata, inuka ukaitoe hiyo sabuni ya unga stoo. Bibi anaonja kwa kidole, nawe umekaa unaandika barua!

Umerudi? Sasa tuongee.

Ulipanga jiko la mtu bila kumuuliza. Mikebe uliyoiona takataka ndiyo iliyokuwa macho yake: palipobonyea ni sukari, penye mpira ni chumvi. Jiko limepangwa vizuri pale mpishi anapopata anachokitafuta, si pale jirani anaposhangaa mbele ya kabati. Sifa ni tamu, najua, hasa kwa mtu aliyezoea kupitwa kama kiti. Lakini hizi umezipata kwa kumtoa bibi yako jikoni.

Rudisha mikebe leo. Kama uliitupa, tafuta mingine, kila mmoja na umbo lake, hapa kamba, pale mpira. Na safari hii usipange wewe. Bibi aseme kila kitu kinakaa wapi, wewe uwe mikono tu.

Ama siri, hiyo hutaitunza. Huenda ni miwani tu, huenda ni ugonjwa wa kutibiwa. Mimi na wewe hatujui, na kungoja hakuongezi nuru. Ila usimzunguke bibi. Mwambie kwanza: "Bibi, nitasema, na nataka uwepo nikisema." Kisha mwendeeni mama pamoja, jikoni, si sebuleni. Anafanya kazi hospitalini, anajua mlango wa kubisha. Sauti ikikauka, kunywa maji uendelee. Mwambie mama kwamba bibi aende kwa daktari, lakini asinyang'anywe mwiko.

Mkimaliza, mwombe bibi akupikie chai. Kaa ungoje, wala usimwangalie mikono. Ikija na chumvi, mwambie wazi. Ikija na sukari, kunywa kimya. Hilo unaliweza.