Kuku wa Uani mwa Kanisa

Unguja, Mji Mkongwe
Baada ya Idi

Ndugu yangu wa kuachiana ziwa, Damiani,

Bwana asifiwe. Hujambo wewe, na hilo goti je? Linakubali kwenda shamba, au bado unatuma watoto na wewe unabaki mlangoni kutoa amri? Wifi yangu Veronika mzima? Mikorosho imeshika maua mwaka huu au upepo umeyapukutisha? Mimi sijambo. Meno yamebaki machache lakini yanaelewana. Presha inapanda na kushuka kama wapangaji wa ghorofa ya juu yangu, nami nimezoea vishindo vya wote.

Nimeona nikuandikie kwa mkono wangu, maana juzi kwenye simu ulinikatiza kila nilipofungua mdomo. Dada nyenyekea, dada nyenyekea. Karatasi haikatizwi. Shule mimi sikuiona hata kwa dirishani, unajua, herufi hizi alinifundisha marehemu bwana wangu kwa kitabu cha Zaburi, basi palipopinda vumilia. Ukifika mahali pa kukasirika, weka chini, kunywa maji, kisha endelea. Utasoma mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukanikojolea, na sikukutua.

Mchungaji wetu alikupigia, najua. Alikwambia dada yako kaaibisha kanisa, kamwaga chakula cha kazi ya Injili, na sasa aombe radhi mbele ya watu Jumapili. Nawe kwa kuwa ni mzee wa kanisa huko kwetu, ukaona wenye vyeo wameshasema, basi. Ukaniambia niombe radhi au nifunge virago nirudi nyumbani. Hukuniuliza ilikuwaje. Sasa nakwambia bila kuulizwa.

Jiko lile ulilisikia tu, hukuliona. Nyuma ya kanisa letu dogo kuna ua, na ua unatokea kwenye kichochoro chembamba, ukikutana na mwenye mkokoteni mmoja wenu lazima arudi nyuma. Bwana wangu alipofariki, mchungaji wa zamani, yule mzee aliyestaafu, alinipa ua ule nipike. Masharti yake yalikuwa mepesi: uza, ujilishe, na kinachozidi kiwe nauli ya wainjilisti wetu wanaokwenda Paje na Kendwa. Kule mahotelini wamejaa vijana wa bara, wengine watoto wa kwetu kabisa, Jumapili hawapewi ruhusa, mtu anaugua hana wa kumwombea. Wainjilisti ndio wanaowafuata. Basi Injili na biashara vikalala kitanda kimoja miaka yote, na hakuna aliyempiga mwenzake teke.

Wateja wangu ni Waislamu. Wakristo wa kichochoro kile tunaenea kwenye baraza moja na nafasi inabaki. Wamekula mkono wangu, mikate ya kumimina, sambusa, pilau, kwa sababu moja: kuku wangu anachinjwa na Mzee Makame, mwenye meza ya kuku sokoni Darajani. Mimi nampelekea kuku hai, yeye anachinja kwa kisomo chao, nami nachukua nyama. Sijapata kushika kisu hicho. Haikuandikwa popote. Nilipohamia hapa, Bi Kazija, jirani yangu tunaotazamana milango, alinikagua kuanzia kilemba mpaka kandambili, akasema, "Ukitaka tule kwako, mnyama achinjwe na mtu wetu. Mengine yote ni viungo tu." Nikamwambia naam. Ndiyo mkataba wetu wote huo, Damiani, naam moja.

Na Ramadhani ndiyo utacheka. Wao wamefunga, mimi sikufunga, basi wanawake wa kichochoro huniletea vibakuli nyuma ya pazia: Bi Magreti, tuonjee chumvi. Naonja mchuzi wa huyu, tambi za yule, nasema hii imezidi, hii bado, hii tia ndimu. Wananitania kwamba saumu yao yote inasimamiwa na ulimi wa Mnasara, ndivyo wanavyotuita Wakristo. Nami nawajibu ulimi huu haulipwi, kwa hiyo thawabu tugawane nusu kwa nusu.

Sasa mchungaji wetu mpya, Mchungaji Elia. Kijana mzuri, sitamsingizia. Mfereji wa kichochoro ulipoziba alivua viatu akaingia mwenyewe, na majirani walimsifu. Alikuja kutoka bara na mafunzo yake kichwani, kwamba kanisa lisiwe la kuombaomba, lifanye biashara, na biashara yenyewe ihubiri. Nikamwambia karibu, hiyo kazi naifanya tangu wewe hujaota meno. Lakini yeye akataka sahani iongee. Kwanza alileta vikaratasi vya aya nivitie ndani ya vifurushi vya sambusa. Nikamwambia, "Baba, mtu kanunua sambusa. Akitaka Neno, mlango wa kanisa uko wazi." Akacheka, akavirudisha ofisini. Nikadhani tumemaliza.

Kumbe lilikuwapo banda. Kanisa lilijenga banda la kuku wa kisasa huko shamba, na kuku wenyewe wakakomaa katikati ya Ramadhani, wakati futari inatoka kuliko kitu chochote. Siku walipoletwa uani, mimi nilikwenda msibani Mkokotoni. Niliporudi mchana nikakuta kuku wamejaa beseni, wamenyonyolewa, wamekatwa vizuri, na vijana wa kwaya wamekaa pembeni wanaimba. Nikajua wamenionea huruma, wamewapeleka wenyewe kwa Mzee Makame. Sikuuliza. Nani anauliza jua limetokea upande gani? Nikawasha moto, nikapika pilau.

Ilikuwa baada ya alasiri, pilau imeshaiva na harufu imetoka mpaka barabarani, Mzee Makame akapita na kapu lake. Akasimama mlangoni.

"Bi Magreti, leo umenihama?"

"Nikuhame niende wapi?"

"Kuku wako sijawaona. Nimekaa na kisu mpaka nimesinzia."

Nilikuwa na upawa mkononi. Nikauweka chini. Nikakaa juu ya kinu.

Nikamwita mchungaji. Alikuja anatabasamu, wala hakuficha. Vijana wa kwaya walichinja asubuhi hapo hapo uani, akasimama mwenyewe kuangalia, kwani kuku wa kanisa, ua wa kanisa, kwa nini tumpelekee mtu wa nje?

"Tuliomba kwanza, Bibi," akasema. "Tuliwabariki kwa jina la Bwana. Kwani sala yetu ni chafu?"

Swali hilo liliniuma, mdogo wangu, kwa sababu si la kijinga. Sala yetu si chafu. Nimelala nayo na kuamka nayo, na mume nimemzika nayo. Nikamwambia, "Sala yetu ni safi, na kuku hawa tuwale sisi tulioomba. Hawa wa nje waliniamini kitu kimoja tu, na hicho nacho umekichinja."

Akateremsha sauti. "Hawajui, Bibi. Asiyejua hana dhambi. Leo wale, kuanzia kesho tutampelekea mzee wako."

Hapo nikamwita kifaranga. Nilimwambia gamba la yai lingali kichwani, mbele ya kwaya nzima, na wengine walicheka wakajifanya wanakohoa. Kisha nikatoka mlangoni.

Watu walishaanza kuja na mabakuli yao. Nikasimama kizingitini, nikawaambia wote kwa mara moja: "Kuku wa leo hakuchinja Mzee Makame. Wamechinja vijana wetu. Si chakula chenu."

Kisha muuza viatu mmoja, aliyekuwa akila kwangu tangu hana mke, akasema, "Na jana je? Na mwaka jana? Tumelishwa nini humu?"

Mtu akishaingiwa na shaka, kuku wa jana utamwonyesha wapi? Mzee Makame ndiye aliyemjibu. "Wa jana nimechinja mimi, na wa mwaka jana. Huyu kakwambia na wewe hujatia tonge mdomoni. Ulitaka akwambie lini?" Lakini muuza viatu akaondoka, na wengine wakamfuata. Mama mmoja aligeuza bakuli lake, akalifunika kama la mtu aliyekufa.

Bi Kazija alinitazama, akageuka, akaingia kwake na mlango akaurudisha. Nikajua nimempoteza, na nilitamani ardhi inipokee. Mara mlango ukafunguka tena. Akatoka na sufuria yake kubwa, ile ya shughuli, akaitua mbele yangu ikalia ngaa. "Adhana haingoji," akasema. "Muhogo si unao? Mimi nna nazi."

Ndugu yangu, tulimenya ule muhogo kama tunaugombania. Waliobaki walifuturu muhogo wa nazi uliopikwa kwenye sufuria ya Bi Kazija, maana zangu zilikuwa zimeshaingia kuku yule. Na pilau sikuimwaga, aliyekwambia ni mwongo. Walikula kwaya. Walikula usiku, wakaamka wakala tena, mpaka mwimba besi akaomba maji ya ndimu.

Wazee wa kanisa wakaniita. Walisema nimewaonyesha watu kwamba mikono ya Wakristo ni najisi. Nikawaambia mikono yetu haina najisi yoyote, ila jioni ile ilibaki kidogo tu ipakue uongo. Mmoja akasema mambo ya kuchinja ni ya kimwili. Nikamwambia tumbo la jirani yangu ni la kimwili pia, na ndilo lililowasafirisha wainjilisti wako hata Kendwa. Wakanipa mawili, radhi mbele ya ushirika au ufunguo wa jiko. Nikafungua pindo la kanga hapo hapo, nikautoa ufunguo, nikauweka mezani. Mchungaji aliutazama, hakuugusa.

Radhi ya kifaranga nilikwisha kumpa siku ile ile, kabla jua halijazama, maana mtumishi wa Bwana haitwi hivyo hata akiwa ndivyo. Radhi ya kuku sitoi. Si Jumapili hii, si Pasaka, si siku nitakayolala kwenye jeneza.

Nikaanza kupika mlangoni pangu. Nitakueleza ukweli, kwa siku kadhaa wateja walikuwa haba, nikala mikate yangu mwenyewe mpaka nikaichukia. Lakini si hilo lililoniliza. Lililoniliza ni pazia. Ilifika alasiri, harufu za michuzi zinatoka kila nyumba, na hakuna aliyeleta kibakuli. Nilikaa nyuma ya pazia lile na ulimi wangu hauna kazi. Hapo ndipo nilipowaza maneno yako, kwamba nirudi, nani ananihitaji huku.

Kisha jioni moja Bi Kazija akaingia bila hodi, ameshika bakuli la mchuzi wa samaki.

"Nionjee," akasema. "Leo mkono wangu siuamini."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa sawasawa, Damiani, haikupungua chembe wala haikuzidi. Mwanamke anapika mchuzi ule tangu yu mwari, akosee leo? Nikamtazama, akatazama ukuta.

"Tia ndimu," nikamwambia.

Akasema ahsante, akaenda zake. Kesho yake vikaja vibakuli viwili, keshokutwa vikaja vingi. Si vyote. Muuza viatu hajarudi mpaka leo, akipita ananiamkia kwa mbali, nami naitika, na simlaumu.

Kwa hiyo sirudi bara. Nyumbani ni kwetu, mkinizika nizikeni huko kama nauli ya maiti mtaipata, lakini nikiwa hai niko hapa. Wala usidhani nimelikimbia kanisa. Kila Jumapili nimekaa benchi la mbele pale pale, naimba kwa sauti ile ile mbaya. Jiko la uani limefungwa, wamejaribu mpishi mwingine lakini mtu hapangi foleni kwa mpishi ambaye hajui nani kamchinjia. Na nauli ya wainjilisti wa Paje bado naitoa mimi, naitia kwenye kapu la sadaka mbele ya macho yao. Wazee wanaipokea, hawaulizi imetoka wapi. Imetoka kwenye sufuria ya Bi Kazija. Sijairudisha, naye hajaja kuidai.

Nisalimie wifi yangu Veronika, mwambie bizari aliyonitumia ndiyo inayonisifisha. Nisalimie mama mdogo Skola, mumuogeshe kwa maji ya moto, wazee tunaona baridi msiyoijua. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na watoto wako wote wanaoniita shangazi wakitaka kitu tu. Wasalimie wazee wenzako wa kanisa hapo, na uwasomee barua hii, usiruke mstari.

Na Mchungaji Elia akikupigia tena, mwambie hivi. Ameanza kupita kwenye kichochoro changu. Ananiambia shikamoo, naitikia marahaba, anasimama kidogo kama aliyesahau kitu, kisha anaondoka. Mwambie asiwe anasimama. Baraza ipo, akae. Kuku wa siku hiyo atakuwa kachinja Mzee Makame. Nitampakulia, ashibe kwanza, na akishashiba ndipo aniambie ni nani amwombe nani radhi.

Ni mimi dada yako niliyekubeba, na sijakutua bado,

Magreti