Kifagio cha Mkamwana

Ijumaa, 9 Mei 2025

Wiki mbili sasa hapa Mpemba, jirani na mpaka, kwa mwanangu Lusajo. Malori, vumbi, honi. Na leo — kituko!

Daktari alisema presha iko juu: kahawa basi, na chochote chenye kafeini basi. Kuniambia hivyo mimi, mkulima wa kahawa wa Itaka! Mwanangu kalishika neno hilo kuliko daktari mwenyewe. Hanirudishi nyumbani mpaka presha ishuke. Na kahawa inaiva. Mke wangu Ruti yuko peke yake na vibarua, miguu yenyewe inamsumbua.

Sasa Angel, mke wa Lusajo, kaona anitafutie kinywaji mbadala. Unga wa kijani! Anauita macha, eti majani yaliyosagwa. Alijifunza kuutengeneza alipokuwa akifanya kazi hotelini Lusaka, na shangazi yake aliyeolewa Nakonde ndiye anayemvushia makopo. Rangi yake ni ya kinyesi cha ndama aliyeanza kula majani jana.

Na kuna kifagio chake. Kipande cha mwanzi kilichochanwachanwa njiti nyembamba kama uzi, kimeachiwa mshikio mfupi. Kwetu mwanzi tunasukia matenga. Huyu anafagilia chai.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada nimechungulia pembeni mwa pazia la jikoni, nione huo upuuzi unavyofanyika.

Kwanza kifagio kinaogeshwa maji ya uvuguvugu. Kinaoga kabla yangu! Kisha unga unachekechwa kwenye chujio. Maji yanachemshwa halafu yanaachwa yapoe — sasa yalichemshwa ya nini? Halafu kwenye bakuli, shwa-shwa-shwa, mkono unatetemeka kama wa mtu mwenye malaria. Mpaka povu lijae. Kumbe kazi yote hiyo ni povu. Povu hata omo inalo.

Kwetu mkamwana hakabiliani na baba mkwe, haongei naye, wala hampi kitu mkononi. Hilo Angel analishika, sikatai. Anaweka bakuli juu ya kigoda, anarudi jikoni, ndipo mimi natoka chumbani. Ujumbe anapewa Eva, mjukuu wangu wa miezi minane.

"Eva, mwambie babu anywe sasa hivi, povu halijazama."

Eva akasema ba-ba-ba. Nilipokuwa nimeshavaa viatu na kutoka, povu lilikuwa limekufa. Nikanywa maji ya kijani yenye tope chini. Uchungu wa majani, basi. Nimekunywa kwa sababu ya Lusajo, aliyekuwa ananitolea macho.

Jumatatu, 12 Mei

Kichwa kilichokuwa kinanigonga tangu nije kimetulia tangu jana. Hali ya hewa tu. Baridi imepungua.

Jumatano, 14 Mei

Ruti! Mke ni Ruti, wengine wanajaribu. Kanitumia maharage kwa basi, na katikati ya maharage — soksi yangu ya zamani, imejaa kahawa ya kukaangwa nyumbani! Lusajo yuko forodhani na mizigo ya watu, Angel kaenda sokoni na mtoto. Nimetwanga, nimechemsha, nimekunywa vikombe viwili. Nimekaa kama chifu.

Nikiwa natafuta sukari jikoni nikakutana na kopo la unga wake. Nikavaa miwani. Maandishi madogo kama chawa, lakini Kiingereza cha shule kilinitosha. KAFEINI! Ile ile! Siku zote hizi bibie ananipa nilichokatazwa, tena kwa madaha na kifagio juu! Mjinga hasomi hata kopo lake.

Kesho namwambia Lusajo. Nataka nimwone uso wake.

Alhamisi, 15 Mei

Sijamwambia.

Jana jioni Lusajo aliingia, akasimama mlangoni, akanusa. Nilifungua madirisha yote, lakini kahawa ya Itaka si kitu cha kuficha. Akauliza nani kanywa kahawa humu ndani. Mimi niko kwenye kochi, kikombe nilikisukumia chini yake. Nikafungua kinywa.

"Mimi," akasema Angel nyuma ya pazia. "Nilikuwa na hamu."

Lusajo akamwakia. Unamnywea baba kahawa puani pake? Kama kumtunza mzee wangu kumekushinda, panda gari urudi kwenu Momba! Na mimi nimekaa. Mzee wa kanisa, nimekaa juu ya kikombe changu, mkamwana anatukanwa kwa ajili yangu. Sijawahi kujidharau hivyo.

Leo asubuhi Lusajo alipoondoka, nikamsikia Angel jikoni anamsimulia Eva, polepole, ili mtu wa chumbani asikie.

"Babu yako aliumwa kichwa siku nyingi akanyamaza. Mtu akiacha kahawa ghafla kichwa humuuma. Ndiyo maana nampa hii, kidogo, na kila siku napunguza unga. Baba yako usimwambie, hataelewa."

Kwa hiyo alisoma. Alijua! Mjinga ni nani sasa? Si ungemuuliza daktari kwanza, binti? Lakini kwa soksi ile ninayoilalia chini ya godoro, siwezi kumsema.

Jumamosi, 17 Mei

Leo hakuna bakuli. Angel hajatoka chumbani kwake tangu Lusajo aondoke. Nimesikia kabati linafunguliwa, zipu ya begi — la kurudi kwao Momba, najua. Eva kaachwa kwangu, kalala juu ya kitanda changu, kidole mdomoni.

Lusajo kaenda kumleta muuguzi wa duka la dawa anipime. Presha ikiwa imeshuka, kesho niko Itaka. Nimekaa weee. Kisha nikaingia jikoni. Baba mkwe jikoni! Nikachukua kile kifagio.

Nikakiogesha. Nikachekecha unga, nusu ukaishia kwenye shati. Nikamimina maji, nikazungusha kama nakoroga uji. Povu hakuna. Nikazidisha nguvu — njiti mbili zikakatika. Kidude cha kipuuzi! Kimetengenezwa na watu wasiojua jembe.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, imekwaruza kwa kulia.

"Eva, mwambie babu asizungushe. Aende mbele na nyuma. Na asikandamize chini."

Eva yuko kwangu, amelala fofofo. Angel ndiye aliyemlaza pale. Anajua anayesikia ni mimi.

Nikaenda mbele na nyuma. Shwa-shwa. Povu likaja, jembamba, lakini likaja. Nikaliweka bakuli kwenye kigoda mbele ya mlango wake, nikarudi kwenye kochi haraka, mzee mzima nakimbia, ili atoke kabla halijazama. Nikachukua daftari hili ili nisimtazame.

Mlango haujafunguka. Pikipiki mbili zimeingia uani.

Lusajo yuko sebuleni na muuguzi, ambaye anachomoa mashine kwenye mkoba. Lusajo anauliza bakuli hili la nani. Muuguzi kakichungulia kile cha kijani, anasema kabla ya kupima anataka kuliona kopo la huo unga, asome kilichoandikwa. Lusajo kapekua jikoni, halipo. Anamwita Angel. Kitasa kinazunguka.

Kopo nimelikalia mimi; nililikimbilia niliposikia pikipiki. Muuguzi kachoka kungoja kopo, anasema ninyooshe mkono, niache kuandika