Barua Iliyosomwa Paredi

Shangazi mpenzi,

Sijambo. Sabuni uliyotuma imefika, na godoro nimebadilishiwa.

Yule mwalimu wa darasa niliyekuandikia habari zake, anayetuendesha kwa filimbi na hataki kuulizwa swali, jana aliisoma barua yangu paredi, mpaka pale niliposema najifungia chooni kulia. Shule nzima ilicheka. Nilidhani ameiiba, kumbe umempelekea wewe. Alisoma na kikaratasi chako: “Mwalimu, huyu anadeka. Mnyooshe.”

Nilikuandikia wewe peke yako, Shangazi.

Hii sikuifunga. Nimempa yeye mwenyewe aisome kwanza, nikupunguzie safari ya posta.

Ni mimi, binti ya kaka yako, ambaye sasa nimeizoea shule.