Selotepu ya Manang Crispina

La Paz, Iloilo, Ufilipino
Jumapili, 3 Juni 2012

Manang Crispina, dada yangu mkubwa,

Shikamoo, na salamu nyingi zikufikie huko Taoyuan, Taiwan. Sisi wazima. Goti la Nanay limetulia tangu mvua zianze, jambo ambalo hata mwenyewe halielewi. Anasema miaka sita ni mingi kwa mama kumwona bintiye kwenye picha tu, tena picha ambazo umevaa barakoa ya kiwandani.

Naandika haraka. Hapa kwenye kompyuta za kutumbukiza sarafu, dakika zinakimbia.

Ile ofisi ya Australia inayochora ramani za nyumba imenijibu. Wananipa majaribio kuanzia tarehe moja Agosti, nichore nikiwa nyumbani. Sharti niwe na kompyuta yangu yenye nguvu. Hizi za hapa zinakwama kwa kufungua tu michoro yao. Nikipita, mshahara utatutosha mimi na Nanay, na Desemba hutasaini tena mkataba wa miaka mitatu kiwandani. Utarudi nyumbani, Manang.

Iliyoundwa tayari ni ghali. Nitaiunda mwenyewe. Nimechagua vipande: prosesa ya kiwango cha kati, ndiyo ubongo wake, mazabodi ndogo, ile bodi ya kuishikilia na kuunganisha vyote, kumbukumbu ya ramu giga nane, hadidiski ya kuhifadhia kazi, na kadi ya picha, maana nyumba iliyochorwa huzungushwa pande zote na bila kadi inaganda. Mwisho pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia vipande vingine. Hilo naomba ninunue mwenyewe hapa, jipya. Likiwa bovu, huua vyote. Jumla ni kama peso elfu ishirini na mbili.

Fikiria, Manang. Nanay anasali.

Mdogo wako,
Selmo


Taoyuan
10 Juni 2012

Toto Selmo,

Marahaba. Mimi mzima, nashukuru. Vidole vinauma, lakini hiyo si habari. Barua hii ichape umsomee Nanay mezani, yote. Usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka masomo.

Elfu ishirini na mbili! Chuo nilikulipia, ukakiacha mwaka wa tatu. Simu nilikununulia, ukaifungua eti uisafishe, ikafa siku hiyohiyo. Leo fundi wetu anataka kuunda kompyuta, na kwanza anataka vya juu.

Kadi ya picha ni ya wacheza michezo. Nimeikata. Giga nane za ramu za nini, unafuga ng'ombe humo? Chukua nne. Prosesa nitanunua iliyotumika. Kuna muuzaji sokoni Taipei ninayemfahamu. Na hiyo pawa saplai usiniletee habari zake kabisa. Mimi nachomea bodi kwa mikono yangu kutwa nzima, halafu wewe unayelala mpaka jua linakuingia puani unanifundisha umeme? Muuzaji ananipa kesi, lile kasha la kompyuta, na pawa saplai imo ndani, bure. Vya bure havijawahi kukuumiza tumbo.

Nitaweka vyote kwenye sanduku moja pamoja na sabuni na vitu vya Nanay. Wewe kaa usubiri. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza.

Manang wako,
Crispina


La Paz
17 Juni 2012

Manang,

Shikamoo. Nanay hajambo, nami sijambo.

Nilimsomea yote kama ulivyoagiza. Shangazi Belen na mumewe walikuwa wamekuja kula. Walicheka sana kwenye ng'ombe. Sasa mtaani naulizwa maziwa bei gani.

Nanay alisema, "Dada yako amechoka, usimjibu." Basi sikujibu. Asante kwa vyote utakavyotuma.

Mdogo wako,
Selmo


La Paz
15 Julai 2012

Manang,

Shikamoo. Sote wazima, ila Nanay ana mafua kidogo.

Sanduku lilifika Alhamisi. Kulifungua kulituchukua mchana kutwa. Najua sababu: la mwaka juzi lilifika limechanwa, kiatu cha Nanay kimebaki kimoja. Lakini safari hii umefunga selotepu hata vipande vya sabuni, kimoja kimoja, na juu ya kila kitu jina la mwenyewe. Nanay alicheka mpaka akakaa chini. Sweta limemkaa vizuri, amelivaa kwa joto hilihili ili majirani waone.

Kompyuta nimeiunganisha. Imekamilika, iko mezani kwangu. Bado kuwashwa tu.

Sijaiwasha kwa sababu moja. Nyuma ya pawa saplai umezungusha selotepu mara tatu na kuandika MALI YA CRISPINA, USIGUSE. Chini yake kuna swichi ndogo. Naihisi kwa kidole, na wekundu wake unaonekana. Umeme wa ukuta wa Taiwan ni kama nusu ya huu wetu. Swichi hiyo husogezwa upande mmoja kwa umeme wa huko, upande wa pili kwa wa huku. Naamini iko upande wa huko, maana ndiko ilikouzwa. Nikichomeka hivi, italipuka.

Naomba ruhusa nibandue selotepu. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Mdogo wako,
Selmo


Taoyuan
22 Julai 2012

Selmo,

Nimefurahi kusikia sweta limemkaa Nanay. Mafua anywe tangawizi. Barua hii pia msomee.

Chini ya selotepu yangu kuna karatasi ya dhamana ya muuzaji. Ndiyo maana nikaifunika. Ikichanika hata pembe, hanibadilishii kitu, na mimi nakujua wewe na vidole vyako. Ile simu nayo ulisema ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Swichi, swichi. Huku kiwandani mashine inachomekwa, inawaka, watu wanafanya kazi. Umesoma hayo kwenye kompyuta za sarafu ukajiona mhandisi. Chomeka kama ilivyo. Nikisikia umebandua, Desemba nasaini miaka mitatu mingine, na usiniite Manang tena.

Nanay, mwambie mwanao asiguse. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nawe huyu umemchelea tangu azaliwe.

Crispina


La Paz
29 Julai 2012

Manang,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nimefanya kama ulivyosema.

Nanay alinisihi. Alisema, "Mtii dada yako, asije akakasirika akabaki huko." Jana baada ya misa alirudi na chupa ya maji ya baraka. Alitaka kuibariki mashine kabla haijawashwa, kama alivyoibariki pikipiki ya mjomba. Akanyunyiza matone manne juu ya kesi. Niliyafuta kwa shati. Nikachomeka waya ukutani, selotepu yako ikiwa mahali pake.

Nanay akauliza, "Nibonyeze mimi?"

Nikamwambia, "Bonyeza, Nanay."

Ililia kama fataki ya mwaka mpya. Moshi ukatoka nyuma, na harufu ya samaki aliyeungua. Nanay alianguka akakaa sakafuni, hakuumia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Maji yangu."

Pawa saplai imekufa. Imeondoka na mazabodi. Vingine vimepona. Majaribio ni Jumatano. Nimewaandikia wale wa Australia kuwaomba muda.

Nanay hajala tangu jana.

Selmo


Taoyuan
30 Julai 2012

Selmo,

Maji! Maji kwenye umeme! Mwanamke wa miaka sitini na nne, amezaa, amelea, hajui kwamba umeme haumwagiwi maji? Mimi nimekula tambi kavu miezi miwili kwa ajili ya vitu hivyo. Padri ndiye atakayenilipa?

Msomee hii. Mwambie amenichomea safari yangu ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeanza kuhesabu Jumapili.

Crispina


La Paz
31 Julai 2012

Manang,

Nilimsomea. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Nilipomaliza akauliza, "Ameandika hivyo?" Nikamwonyesha karatasi.

Hii siichapi. Ni yetu wawili.

Maji hayakuingia ndani. Yalikauka kwenye shati langu. Moshi ulipokwisha niliibandua selotepu yako. Swichi iko upande wa Taiwan. Karatasi ya dhamana iko pembeni, mbali na swichi kwa upana wa vidole vitatu, wala haikuchanika. Nimekutumia picha. Mwandiko wako unasomeka vizuri.

Nanay anataka kuuza cherehani anunue mazabodi. Shangazi Belen ameshapata mnunuzi.

Nimwambie?

Selmo


Taoyuan
1 Agosti 2012

Selmo,

Nimeiona picha.

Usimwambie.

Mimi ndiye niliye mbali, na mtu aliye mbali hana kitu nyumbani isipokuwa jina lake. Kila Jumapili Nanay anawaambia wenzake kanisani Crispina hakosei. Wewe ukikosea, ni kawaida yako. Yeye akikosea, ni mzee. Mimi nikikosea, nitarudi kuwa nani katika nyumba hiyo?

Wala usijitie utakatifu. Ulijua italipuka. Ungeweza kuchomoa waya. Ungeweza kubonyeza mwenyewe. Ulimwambia mama yako, "Bonyeza, Nanay." Mkono wake uliuchagua wewe, kama ulivyochagua vile vipande vyako.

Sema unataka nini.

Crispina


La Paz
1 Agosti 2012, jioni

Manang,

Kadi ya picha.
Ramu giga nane.
Pawa saplai mpya, ya hapa Iloilo, nitakayoichagua mimi.

Australia wamenipa mpaka tarehe ishirini. Pesa za cherehani zitatosha mazabodi, hiyo usiihesabu.

Selmo


La Paz
16 Septemba 2012

Manang,

Shikamoo. Salamu na heri. Sisi wazima.

Kompyuta inafanya kazi vizuri. Kadi ya picha ilistahili. Naizungusha nyumba yote, paa mpaka msingi, haigandi. Majaribio nimepita, mkataba nimesaini Ijumaa. Kwa hiyo Desemba usisaini.

Nanay haingii chumbani mwangu. Anafagia mpaka kizingitini, anaacha ufagio hapo, mimi namalizia. Nikiwa kazini anapita ukumbini ameinua kandambili mkononi. Juzi alisimama nje ya mlango akauliza kama akipika supu mvuke wake unaweza kufika kwenye mashine. Nikamwambia hauwezi. Akapikia uani, chini ya mwavuli.

Nguo za watu sasa anashona kwa mkono. Siku hizi harudi na chupa kutoka kanisani. Mjomba amenunua pikipiki nyingine, akamwomba aibariki kama ile ya kwanza. Alikataa. Alisema mkono wake si mzuri.

Jana alinituma nikuandikie maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Crispina anisamehe. Sikujua. Mwambie nisamehewe kabla hajarudi, nisije nikamwangalia usoni na deni."

Anasubiri jibu. Anataka lichapwe, alishike.

Mdogo wako,
Selmo


Taoyuan
23 Septemba 2012

Toto Selmo,

Marahaba. Mimi mzima, hata vidole vimepoa. Tiketi nimekata, natua Iloilo tarehe kumi na tisa Desemba. Ile selotepu yangu uliyoibandua, ichome.

Chapa kuanzia hapa, na umsomee mezani, Shangazi Belen akiwepo.

Nanay mpenzi,

Shikamoo. Nimepata maneno yako. Usilie, ule, mafua yasirudi. Nimekusamehe. Ila siku nyingine, Nanay, usiguse kitu usichokijua.

Binti yako,
Crispina