Bordeaux juu ya mbabula

Yaya Béatrice, dada yangu mukubwa, uzima huko Lubumbashi?

Miye niko Kamina, nimechoka, na hapana sababu ya treni. Zile chupa mbili za divai ulinunulia bakwe zetu, bazazi ya bibi-arusi wa ndugu yetu Serge, moja ya Bordeaux ya France, ingine ya Espagne, nilizipakata njia yote sawa mutoto mwenye homa. Kufika, mama ya bibi-arusi akashika kinywa. Bao ni Bamethodiste, pombe haiingiaka mu nyumba yao. Lakini kukatala zawadi ya bakwe ni kukatala ndoa.

Unajua alifanya nini? Alimimina zote mbili mu nyungu moja, akatia sukari na tangawizi, akachemsha ku mbabula, jiko yake ya makala, mpaka pombe yote ikaenda na moshi. Bwana yake, mwalimu wa jiografia, akaanza kunifundisha: Italie, France na Espagne njo bakubwa wa divai mu dunia yote. Nikamwambia: "Papa, bawili ya bale bakubwa banaungua mu nyungu yenu." Akaongeza makala.

Tukaikunywa mu bikombe bya chai, na mikate. Bote baliomba ingine.

Leo asubuhi bamenirudishia chupa, sababu chombo ya bakwe hairudiaka mutupu. Zimejaa mafuta ya mawese. Njo vile bametukubalia Serge wetu.

Nakupenda, yaya, ijapo unanisumbua. Bordeaux yako nitaipakata tena mpaka kwako. Weye tayarisha majani ya muhogo, tupike sombe na ile mawese.

Mudogo wako, Odile