Dada, Joto Lile Halikuwa Letu

Dada yangu Ciku,

Leo Westmead kumewaka. Nimetoka zamu mchana, na kufika kituo cha treni blauzi ya kazi ilikuwa imenigandama mgongoni na miguu imevimba ndani ya viatu. Ni Januari, na upande huu wa Sydney upepo wa bahari haufiki. Wenzangu wodini wananiambia, "Muthoni, wewe hili joto si kitu kwako." Nimechoka kuwaeleza. Ndipo nikaamua kukuandikia wewe, mtu pekee ambaye sihitaji kumweleza kwamba tulizaliwa Kinangop, ambako umande huganda alfajiri na kuua viazi shambani, na kwamba mtu wa Kinangop akitiwa kwenye fukuto huteseka kama Mzungu yeyote.

Nikipata joto la namna hii naikumbuka ile meli. Na nikiikumbuka ile meli, nakasirika upya.

Wazo lilikuwa langu. Ulikuwa umefikisha miaka sitini, na tangu uje Australia hukuwa umekwenda popote ila kazini, kanisani, na nyumbani Kenya kwa mazishi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye nyumba ya wazee, kugeuza watu wazima vitandani, kuwaosha, kuwalisha. Nikasema sasa ni zamu yako kutandikiwa kitanda. Mimi na binti yako Nyokabi tukachangishana, tukakukatia nafasi kwenye meli ya kitalii ya kuzunguka Bahari ya Mediterania. Nyokabi alikuwa na mitihani chuoni, kwa hiyo tukaenda wawili. Tuliondoka Julai, Sydney ikiwa kwenye baridi kali, tumevaa majaketi mazito. Milango ya uwanja wa ndege wa Barcelona ilipofunguka, hewa ikatupiga usoni. Ulisimama hapo hapo ukaniambia, "Muthoni, ni kama kufunua sufuria ya githeri inayochemka."

Nilicheka. Sikujua tutaishi ndani ya hiyo sufuria.

Chumba chetu kilikuwa katikati ya meli, hakina dirisha. Siku ya pili baharini kiyoyozi kikakohoa, kikachuruza maji ukutani, kikanyamaza. Joto kavu mtu hulizoea, lakini lile lilikuwa joto lenye maji. Lilikukalia kifuani. Shuka zililowa kabla hatujalala, mafuta yako ya nywele yakawa uji ndani ya kopo, na nguo ulizofua kwenye sinki hazikukauka, zilinuka tu. Ulilala chali, taulo lililoloweshwa likiwa shingoni, mikono umeitandaza ili isiguse mwili. Nikakuuliza unajisikiaje. "Niko sawa," ukasema.

Nilikwenda mapokezi. Kijana aliyekuwa pale alinisikiliza vizuri, akaandika jambo kwenye kompyuta, akasema fundi atakuja. Fundi hakuja. Nikarudi, safari hii na wewe nyuma yangu, na yule kijana akatutazama wote wawili akatabasamu. "Lakini kwenu Afrika joto ni kali kuliko hili, sivyo?"

Nilianza kumweleza habari za umande unaoganda. Nilipandisha sauti, nakubali, watu kwenye foleni wakageuka. Wewe ukanivuta mkono wa blauzi.

"Muthoni, achana naye. Watu wanatutazama."

"Wacha watutazame. Tumelipia chumba, hatukulipia tanuri."

Ukanipita, ukamwinamia yule kijana na kumwambia kwa kile Kiingereza chako cha kazini, cha upole: "Samahani sana. Mdogo wangu amechoka. Hakuna shida."

Hakuna shida! Dada, nilitaka kulia pale pale. Nilikuwa napigana kwa ajili yako, nawe ukaniombea msamaha.

Basi tukawa wakimbizi wa joto. Kila alasiri tulijificha kwenye ukumbi wa maonyesho, kwa sababu huko kulikuwa na baridi ya kweli. Tulimtazama yule mfanya mazingaombwe akitoa njiwa kofiani mara nyingi mpaka ukajua njiwa huwa wapi, ukawa unaninong'oneza, "Sasa, mkono wa kushoto." Mjini Palermo tuliingia kanisa moja kubwa, ukavua viatu chini ya benchi, ukaweka nyayo juu ya marumaru, ukafumba macho. Ulisali kwa Kikuyu. Ukawaombea ndugu, majirani, wazee wako wote wa kazini mmoja mmoja kwa jina. Nikakuuliza kwa sauti ya chini, "Hii sala ndefu ni ya roho au ya nyayo?" Mabega yako yakatikisika kwa kicheko. Mlinzi akatukazia macho. Hiyo ndiyo picha yako ninayoipenda kuliko zote, na hakuna aliyeipiga.

Lakini ulikuwa unapungua mbele ya macho yangu. Chakula ulikisukuma kwenye sahani upande huu na upande ule. Maji hukuyataka, eti tukishuka nchi kavu vyoo viko mbali na hutaki kusumbua kundi. Nilikushikia chupa mdomoni, mimi niliyefanya uuguzi miaka yote hii, ukafunga midomo kama wale wazee uliokuwa ukiwabembeleza kazini. Wigi hukukubali kuvua. Soksi zako ndefu hukukubali kuvua. "Siwezi kutembea Ulaya kama mtu anayetoka kuchota maji."

Kila nilipokuuliza, ulikuwa sawa.

Mwili ulikataa tulipofika Pompei, ule mji wa kale uliozikwa na volkano. Unaikumbuka ile barabara ya mawe, kuta bila paa, hakuna mti wala kivuli, na mwongoza watalii ameinua mwavuli wake mwekundu mbele huku akieleza habari za watu waliofunikwa na majivu? Jua lilikuwa juu ya utosi. Nilikushika mkono nikaona hutoki jasho tena. Ngozi ilikuwa kavu, ya moto. Nikasema, "Dada, tunarudi sasa hivi." Ukasema, "Wacha amalize kueleza, ni vibaya kumkatiza." Kisha ukaongea kitu kuhusu ng'ombe, kwamba hajakamuliwa, ukaanguka.

Sijawahi kuogopa hivyo. Wodini mgonjwa akianguka mikono yangu inajua la kufanya. Siku ile ilisahau. Mume na mke waliokuwa nasi kwenye kundi walikusogeza kwenye upande wa ukuta uliokuwa na kivuli chembamba, nikakuvua wigi, nikakuvua soksi, nikakumwagia maji ya watu wote. Mwongozaji alikimbia kuita gari la wagonjwa. Nilikuwa nikikupepea kwa kofia na kukupigia kelele kwa Kikuyu, na sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka tu ulifungua macho ukaninong'oneza, "Watu wananiona kichwa."

Hospitalini walikutundikia dripu mpaka ukarudi mwenyewe, kisha tukarudishwa melini. Daktari wa meli, mama mmoja mfupi asiye na haraka, akaketi kando yako na kukuuliza, "Ulianza lini kujisikia vibaya?"

Ukamjibu bila kufikiri. "Tangu Barcelona."

Tangu Barcelona, Ciku! Mimi nililala mita moja kutoka kwako nikikuuliza asubuhi na jioni, nawe ukamwambia ukweli mtu usiyemjua, kwa sababu tu alikuwa amevaa koti jeupe. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikauma kidole.

Jioni ile ile tulihamishiwa chumba chenye dirisha, roshani na kiyoyozi kilichonguruma vizuri. Nikamuuliza mhudumu nani ametoka humo. Akasema hakuna, kilikuwa kitupu tangu mwanzo. Uliketi kitandani ukipapasa shuka kavu, ukasema, "Unaona? Mungu hufungua mlango kwa wakati wake."

"Si Mungu aliyeufungua," nikakuambia. "Ni wewe ulipoanguka. Kwa nini ni lazima uanguke kwanza?"

Ulinigeuzia mgongo ukajifanya umelala.

Najua ulikojifunza. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado mdogo, nawe ukaacha shule ukanifunga mgongoni. Sweta ilikuwa moja nzuri ndani ya nyumba, na kila asubuhi ya Julai ulinivika mimi. Nilikuuliza, na wewe je? Ukasema, "Mimi sisikii baridi." Nilikuamini miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba vidole vyako vilivyopindika havikuzaliwa hivyo. Nashukuru, dada. Usidhani sishukuru. Lakini baridi ya Kinangop ilikwisha. Nilishakua, nilishapata kazi, nilikuwa na sweta za kutosha kukuvisha wewe na mtaa wako mzima wa Lidcombe. Nawe bado ukawa husikii baridi, husikii joto, husikii lolote.

Tuliporudi Sydney uliniahidi. Tulikuwa jikoni kwako, Nyokabi akisikia, ukasema, "Nikiumwa nitasema." Ukasema huku unacheka. Mwaka uliofuata tumbo lilianza kukusokota, na hukusema. Uliendelea kuinua wazee vitandani. Ulikula kidogo ukasema unapunguza mwili, ukashona sketi zako ndani ukasema mtindo. Nilipokuuliza mbona macho yana manjano, ukalaumu taa. Siku ulipoletwa hospitali, ukaletwa kwangu Westmead, nilisoma majibu kabla ya daktari kufungua mdomo, na nikajua tumechelewa. Nilikushika ile mikono. Nikakuuliza, "Tangu lini?" Ukageuza uso.

Kwenye mazishi yako watu walipanga foleni kukusifu. Mchungaji alisimama, mwenyekiti wa akina mama akasimama, wenzako wa kazini kutoka Burundi na Kongo wakasimama, kila mmoja kwa Kiswahili chake. Na wote, Ciku, wote walisema jambo lile lile: "Mama Nyokabi hakuwahi kulalamika." Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele nimeuma ncha ya kitambaa changu cha kichwa, nikitamani kumnyang'anya mchungaji kipaza sauti niwaambie, hicho mnachokisifu ndicho tunachomzika nacho, na ndicho kilichomleta hapa.

Sikusema. Niliitikia amina kama wao.

Sasa ngoja nikuambie habari za mwanao. Nyokabi aliendelea kuishi Lidcombe na wenzake wawili wa chuo. Nilimpigia simu kila siku. Unajua alivyo, nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na jibu lilikuwa lile lile: yuko poa, asante Anti, yuko poa. Kila nikilisikia nilihisi nimerudi ndani ya kile chumba kisicho na dirisha. Nilimkaripia. Nilimnyenyekea. Nikamwambia, "Wewe ni mtoto wa mama yako kweli kweli," na sikuwa namsifu. Akakata simu.

Jumapili iliyopita nilikuwa napika, madirisha yote wazi na feni inazungusha joto lile lile, nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Alikuwa ametembea kutoka kituoni juani, uso umemwiva. Nikampa maji, akanywa yote akiwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu, "U hali gani, mama?"

Akanirudishia glasi. Kisha akasema, kwa Kiswahili, na unajua Kiswahili chake kinavyochechemea: "Anti, mimi siko sawa. Siko sawa tangu Mum ameenda."

Nilizima jiko.

Dada, yule mtoto alilalamika! Alilalamikia masomo, akalalamikia wenzake wanaomwachia vyombo, akalalamikia treni na joto na watu wa kanisani wanaomwambia awe na nguvu. Alinilalamikia mimi, kwamba namuuliza maswali kama muuguzi, na hapo nilitaka kujitetea nikajizuia. Kisha akaanza na wewe. Kwa nini hukumwambia. Kwa nini ulimwacha aende pikiniki na marafiki wiki ile uliyokuwa huwezi kupanda ngazi. Alikugombeza kwa lugha zote alizonazo. Akalia mpaka kamasi, nikakiweka kichwa chake mapajani pangu, mzito vile, mrefu vile, nami nikaanza kukugombeza pia. Tulikugombeza mpaka njaa ikatushika. Alikula sahani mbili. Sijamwona akila hivyo tangu tukuzike.

Amelala chumba cha pili sasa, ameleta na vitu vyake. Bado tuna hasira nawe, sikufichi. Nadhani tutakuwa nayo kwa muda, wote wawili, na kuna siku tunaicheka. Lakini katika nyumba hii mtu akiumwa kichwa sasa anasema, na mwenzake anakasirika, na dawa inatafutwa.

Pumzika, Ciku wangu. Vua viatu. Na huko uliko, kukiwa na jambo lolote linalokusumbua, hata dogo, tafadhali mwambie mtu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,
Muthoni