Kurumbiza Asiyejibiwa

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa tisa. Kanzu yangu nyeupe ina matope hadi magotini, maana nimejipenyeza kichakani nyuma ya bustani ya mboga kumtafuta ndege. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa!

Wiki tatu nzima nimewatambia wenzangu hapa seminarini kwamba anayeimba pale ni kurumbiza nyusi-nyeupe, yule aliyejaa kwenye bustani zote za Tabora mjini. Nilimtambua kwa sauti tu. Leo nimemwona: kichwa rangi ya kutu, nyusi hana kabisa. Ni ndugu yake, kurumbiza kichwa-chekundu, anayejificha vichakani na kuiga sauti za wengine. Mara anaimba kama nyusi-nyeupe, mara analia kama tai.

Nilipaswa kugundua mapema. Nyusi-nyeupe huimba wawili, dume na jike, mmoja akianza mwenzake anadakia. Huyu wangu hakujibiwa hata siku moja.

Hilo la wawili linaniuma, niseme ukweli.

Kesho saa nne Padre Gambera, mkuu wetu, anasubiri barua yangu ya kuomba ushemasi, daraja la kabla ya upadre ambapo mtu anaahidi kutooa maisha yake yote. Lazima mwombaji aiandike kwa mkono wake, aseme anaomba kwa hiari. Ninayo tayari. Nimenakili ya mwenzetu aliyepewa ushemasi mwaka jana, nikabadilisha jina tu na parokia.

Sitaki ushemasi.

Ndiyo mara ya kwanza naliandika mahali popote. Gambera ni mtu mpole, angenisikiliza. Ninayemwogopa ni mama. Jioni hii nimempigia, yuko Kaliua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, shemasi wangu! Vitenge vya shangazi zako nimeshavichukua. Laiti baba yako angekuwepo!"

"Asante mama. Tumwombe Mungu," nikajibu, kwa ile sauti laini ya kipadre. Nimeitumia miaka saba, siku hizi inatoka yenyewe.

Geti la seminari liko wazi mchana kutwa na mimi nimenaswa humu ndani.

Barua nimeichana. Karatasi mpya ina tarehe tu. Kesho, kabla ya saa nne, nitampigia mama tena. Nitaanza na shikamoo. Baada ya hapo sijui nitasema nini, ila "tumwombe Mungu" sisemi.